Ufue Mwenyewe, Umwite Mama wa Kufua, Upeleke kwa Dobi au Ununue Mashine? Ulinganisho kwa Mkazi wa Dodoma

Shati jeupe linalotoka Ilazo asubuhi na kupanda daladala ya Mtumba, jioni hurudi na mstari wa rangi ya udongo kolani. Kuanzia Julai hadi Septemba, upepo unapovuma, hata nguo zilizokunjwa kabatini hupata sehemu yao ya vumbi. Nilihamia hapa kutoka Dar es Salaam na mazoea ya kule, shati moja siku mbili. Wiki ya kwanza haikuisha kabla sijaona kwamba hesabu imebadilika. Nani anafua, wapi na kwa maji gani, mambo niliyokuwa nikiyajibu bila kufikiri, yakanikalisha chini na kalamu.

Siko peke yangu. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba Serikali inahamia Dodoma, mwaka 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji, na sensa ya 2022 ikahesabu wakazi 765,179 ndani ya halmashauri ya jiji. Wengi wetu tumepanga chumba au nyumba ndogo, familia ziko mkoa mwingine. Wapo wanaojaza nguo chafu kwenye begi Ijumaa jioni na kupanda treni ya SGR hadi Dar. Hiyo nayo ni njia ya kufua, ila inategemea uvumilivu wa mtu wa huko unakokwenda, kwa hiyo naiacha nje ya ulinganisho.

Miji mingine inafuaje

Waliosoma nje hupenda kuuliza kwa nini hapa hakuna zile sehemu za kutumbukiza sarafu, ukakaa na gazeti huku mashine ikizunguka. Biashara ya namna hiyo ilianzia Marekani, mjini Fort Worth, Texas, mwaka 1934, kwa mashine nne za umeme zilizokodishwa kwa saa. Wakati ule watu wengi hawakumudu kununua mashine, na hivyo wakashirikiana kuilipia. New York bado inaishi hivyo kwa sehemu kubwa, kwa sababu nyingine: majengo ya zamani yana mabomba ambayo wenye nyumba hawayaamini, na wapangaji wengi hukatazwa kuweka mashine ndani. Basi watu hubeba mfuko hadi mtaani, wajifulie au wauache upimwe uzito na kurudishiwa ukiwa umekunjwa.

Stockholm wamefika mahali pengine kabisa. Jengo la ghorofa huwa na chumba kimoja cha kufulia cha wapangaji wote, mara nyingi chini ya ardhi, na unajiwekea zamu yako ubaoni kwa kufuli dogo lenye namba ya nyumba yako, au siku hizi kwa simu. Ukichelewa kutoa nguo zako unakuta karatasi imebandikwa, yenye maneno ya adabu na hasira ndani yake. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, maana nilikumbuka kamba za uani kwangu. Nyumba ya wapangaji sita, kamba tatu, Jumamosi moja. Tofauti ni kwamba sisi karatasi hatuandiki, tunasemea jikoni kwa sauti inayosikika.

London mashine iko jikoni, chini ya kaunta. Tokyo huwekwa karibu na bafu au kibarazani, na familia nyingi huvuta kwa pampu ndogo maji yaliyobaki kwenye beseni la kuogea ili yafulie nguo. Wajapani hao wana mvua za Juni na Julai zinazowanyima jua, na ndipo mashine za kukausha za mitaani zinapopata wateja. Mumbai, karibu na stesheni ya Mahalaxmi, kuna mabirika ya zege yaliyopangwa kwa safu tangu enzi za wakoloni, na madobi husimama ndani yake wakipiga nguo kwenye jiwe. Neno letu dobi limetoka huko huko India, pamoja na desturi ya kutia alama ndogo kwenye nguo ili ya huyu isiende kwa yule.

Ukiiangalia miji hiyo utaona kwamba kila mmoja unafua kufuatana na kile unachokosa: nafasi, mabomba, jua. Dodoma jua tunalo la kugawa. Tunachokosa ni maji ya uhakika, na tukiyapata mara nyingi ni ya kisima na yana chumvi. Kwa hiyo ushauri wa kununua mashine tu, unaosikika vizuri London, hapa unahitaji maswali machache kwanza.

Vigezo

Nimeziangalia njia nne kwa mambo yale yale. La kwanza ni maji: yanahitajika kiasi gani, na njia hiyo inavumilia maji ya chumvi na siku bomba linapokauka? La pili ni muda wako, si wa mtu mwingine. La tatu ni gharama. Bei sizitaji, kwa sababu mitaa ya Kisasa na Chang'ombe haifanani, lakini nitasema unalipia nini. La nne ni nguo zenyewe, zinarudije. Mwisho, inamfaa nani.

Neno moja kuhusu hiyo chumvi kabla hatujaendelea, kwa sababu linagusa njia zote. Maji ya kisima yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi hushikana na sabuni ya mche yakafanya utando mweupe badala ya povu. Unasugua, unaongeza sabuni, utando unaongezeka na kubaki kwenye nguo, na nyeupe inageuka kijivu. Sabuni ya unga huhimili maji hayo vizuri zaidi. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, lakini mvua yetu ni ya Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haifiki hata robo tatu ya mita.

Kufua mwenyewe kwa mkono

Maji. Nilihesabu ndoo zangu. Nguo za wiki za mtu mmoja, pamoja na shuka, hula ndoo sita hadi nane za lita 20, kuloweka, kufua na kusuuza mara mbili. Faida yake ni kwamba wewe ndiye unayeamua. Maji ya kusuuzia nguo nyeupe unalowekea za rangi, ya mwisho kabisa unamwagia choo au unatuliza vumbi la uani. Ni mashine chache zinazoyatumia tena maji kama mtu aliyeyabeba mwenyewe kwa dumu.

Muda. Hapa ndipo penye maumivu. Saa mbili hadi tatu za Jumamosi, na mgongo wa Jumapili. Kuanika kwenyewe ni raha: wakati wa kiangazi hewa ya hapa ni kavu na upepo haukomi, fulana huanuliwa kabla chai haijapoa. Natia chumvi, lakini kidogo tu. Dar ningesubiri hadi jioni.

Gharama ni sabuni na maji, basi.

Nguo. Mkono unajua doa lilipo. Kola na vikwapa hupata haki yao, na hakuna njia nyingine ninayoiamini kwa shati jeupe. Jinsi na mablanketi ni habari nyingine, kuyakamua peke yako ni mieleka. Geuza nguo za rangi ndani nje unapoanika, jua hili huchuja rangi kuliko jiki.

Inamfaa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na beseni lake, mtu wa nguo chache, na yeyote asiyependa nguo zake zishikwe na mwingine. Na hata ukichagua njia nyingine, kuna kapu dogo litakalobaki kwako: nguo za ndani. Kwa malezi yetu mtu mzima hampi mwenzake amfulie hizo, na mama wa kufua akizikuta ndani ya beseni atazifua akiwa kimya, na ukimya huo utauelewa.

Mama wa kufua

Nairobi wanamwita mama fua. Hapa tunasema kuna mama anakuja kunifulia, au dada wa kufua akiwa kijana. Anakuja kwako, anatumia maji yako, sabuni yako, kamba yako.

Maji. Ni yale yale ya kufua kwa mkono, pengine na ndoo mbili zaidi, maana si yeye aliyeyateka. Lakini ujuzi wake unafidia. Mara ya kwanza alipokuja yule anayenifulia mimi, baada ya shikamoo na marahaba aliingiza kidole kwenye ndoo, akakisugua.

"Mwanangu, haya ni ya bomba au ya kisima?"

"Ya kisima, mama."

"Basi huu mche weka ukaoge nao. Niletee ya unga, na yale ya bomba kama unayo nisuuzie nyeupe."

Nilikuwa nimeishi miezi minne nikilaumu sabuni.

Muda. Unaokoa saa zako za kufua, lakini inabidi mtu awepo nyumbani, au umwamini na ufunguo. Yeye naye ana nyumba tano kwa wiki, na akiuguliwa na mtoto, nguo zako zinasubiri. Si kosa lake. Ukitaka uhakika, kubaliana siku moja maalumu kila wiki na uiheshimu wewe pia.

Gharama. Malipo huwa kwa siku, kwa beseni, au kwa mapatano ya kuangalia rundo. Mapatano hayo ndiyo huleta ugomvi. Mwonyeshe nguo zote kabla hajaanza, usiongeze shuka tatu katikati ya kazi kwa bei ile ile. Chai na chakula cha mchana ni desturi kwa anayeshinda kwako, vihesabu. Na mlipe siku hiyo hiyo. Anayefua kwa siku anakula kwa siku.

Nguo zinarudi safi kama za mkono wako au zaidi. Hatari ni kuchanganya rangi, hasa kitenge kipya na shati jeupe. Tenganisha mwenyewe mapema, usimwachie lawama.

Inamfaa familia yenye watoto, nyumba yenye uwanja na maji ya kutosha siku moja kwa wiki, na mtu anayetaka pesa yake ibaki mtaani. Haimfai sana aliyepanga chumba kimoja kwenye uwanja wa watu sita, kwa sababu siku ya mama ikigongana na siku ya jirani, kamba hazitoshi.

Dobi na londri ya mtaani

Siku hizi maneno haya mawili yanachanganywa. Dobi wa zamani ana meza na pasi, anafua nyuma ya kibanda. Londri ina mashine, kaunta na risiti. Nawaweka pamoja kwa sababu kwa mteja jambo ni moja: nguo zinatoka nyumbani.

Maji si tatizo lako tena, na kwa Dodoma hilo ni jambo kubwa. Wiki bomba limekata, wewe una mashati ya wiki nzima yamenyooshwa. Uliza tu wanatumia maji gani. Londri nzuri itakuambia bila kusita kama wanayo ya bomba kwenye tangi au wanategemea kisima.

Muda ni dakika za kupeleka na kuchukua, na wengine hufuata nguo kwa bodaboda. Lakini ahadi ya kesho ya dobi ina tabia ya kuzaa kesho nyingine. Niliwahi kwenda kwenye kikao na suruali ya kaki na shati la sherehe kwa sababu ya ahadi hiyo. Tangu hapo nguo ya Jumatatu haipelekwi Jumamosi.

Gharama. Kuna bei ya kipande na bei ya kilo, na kuchagua vibaya kunakula pesa. Kilo huwafaa wenye nguo nyepesi nyingi: fulana, sare za watoto, mashati. Suruali ya jinsi, taulo kubwa na blanketi zina uzito kuliko zinavyoonekana, hizo mara nyingi ni nafuu kwa kipande. Uliza pia kama pasi imo ndani ya bei ya kilo, sehemu nyingi haimo. Suti, kanzu ya tarizi na gauni la harusi ni za kipande siku zote, na ni heri uulize kama kweli zinasafishwa kwa dawa au zinatumbukizwa majini kama nyingine.

Nguo. Pasi yao huishindi nyumbani, suruali inarudi na mstari wa kukatia mkate. Upande wa pili, kola haisuguliwi kwa upendo, mashine inazungusha tu, na vumbi letu jekundu linahitaji kusuguliwa kwanza. Waonyeshe madoa. Hesabu vipande mbele yao, andika, na uangalie kama wanatia alama au namba kwenye kila nguo kama madobi wa Mumbai. Asiyetia alama atakurudishia soksi ya mtu.

Inamfaa mtumishi anayeishi peke yake, mgeni wa wiki mbili za Bunge, mwenye nyumba ya wageni, na kila mtu mwenye blanketi.

Mashine yako mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko watu wanakopoteza pesa nyingi kwa mara moja.

Maji. Mashine ya mlango wa mbele, ya kilo 7, hutumia lita 50 hivi kwa mzunguko. Ya kufungulia juu inayojiendesha yenyewe mara nyingi hupita lita 100. Kwa hesabu tu, ya mlango wa mbele inaishinda mikono yangu. Lakini inataka maji yaje yenyewe, na kwa presha. Kama tangi lako liko chini, au unateka kwa ndoo, itasimama na kulia. Tangi likiwa juu ya mnara mambo huwa tofauti. Na maji ya chumvi huacha ukoko kwenye kile chuma cha kupashia, kama unaouona ndani ya birika la umeme. Fua kwa maji baridi, na ukoko utapungua.

Halafu kuna mashine ambayo maduka huionyesha mwisho, ile ya mapipa mawili: upande mmoja unafua, mwingine unakamua, maji unamimina kwa ndoo. Haihitaji presha. Unaanza na nyeupe, maji yale yale unatia za rangi, unamalizia na za kazi. Umeme ukikatika unaendelea kwa mkono, wakati ile ya mlango wa mbele imefunga nguo ndani na maji yake. Haina sura ya kupigia picha na inakutaka usimame nayo, ila kwa nyumba nyingi za hapa naiona ndiyo inayoelewana na bomba letu.

Muda. Mlango wa mbele unakupa saa yako yote isipokuwa kuanika. Mapipa mawili yanakupa mgongo, si saa.

Gharama. Chukua bei ya mashine, igawe kwa kile unacholipa kwa mwezi kwa mama au londri, utapata miezi ya kurudisha pesa. Ongeza fundi. Umeme wa kufua kwa maji baridi ni mdogo, chini ya nusu uniti kwa mzunguko, ukipasha maji unapanda mara kadhaa. Kama mita yako iko kwenye kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu pamoja na pasi na friji kabla hujavuka mstari huo. Na soma mkataba wa nyumba. Bili ya maji ikigawanywa kwa vichwa, mwenye mashine ataulizwa, na mwenye nyumba aliyekataa mashine hajatofautiana na wenzake wa New York.

Nguo. Shuka, taulo, nguo za watoto, vizuri sana. Kola bado zinahitaji kusuguliwa kwanza. Mashine ya kukaushia sioni sababu ya kuilipia hapa, labda kwa hosteli yenye mashuka hamsini wakati wa masika.

Inamfaa mwenye nyumba yake, tangi juu, na watoto wadogo au mgonjwa ndani.

Uanzie wapi

Umefika wiki hii, hujui hata bomba linatoka siku gani: peleka nguo za ofisini londri kwa mwezi mmoja, za ndani fua mwenyewe, na utumie mwezi huo kuijua ratiba ya maji ya mtaa wako. Usinunue chochote.

Umepanga chumba kwenye uwanja wa wengi: fua kidogo kidogo katikati ya wiki, jioni. Nguo nyepesi zitakauka usiku huo huo kiangazi, na kamba za Jumamosi utawaachia majirani wagombanie wao.

Familia ya watu watano, nyumba ya kupanga, maji mara tatu kwa wiki: mama wa kufua siku ya maji, au mapipa mawili. Nyumba kadhaa ninazozijua zimeunganisha vyote, mama anakuja na anatumia mashine ile, anamaliza mapema na malipo yake hayapunguzwi.

Una nyumba Kisasa au Iyumbu, tangi juu ya mnara na bomba la jiji: mlango wa mbele unakufaa. Kama maji ni ya kisima, chemsha birika moja kwanza mara kadhaa na uangalie ukoko wake kabla ya kwenda dukani.

Na wewe mwenye mashati meupe matano na kisima cha chumvi, weka pipa chini ya bati ifikapo Desemba. Yale maji yasiguswe na mtu wa kudeki. Yanatosha kusuuzia nyeupe hadi Mei, na baada ya hapo tutakutana kwa dobi.